Mwenye Mkadi

Siku ya kwanza nilipomwona Nzai alikuwa amepiga magoti kando ya maji ndani ya Bustani ya Mkondoni, akihesabu majani. Nasema majani, magugu haya haya ya kukanyagwa na mbuzi. Mtu mzima na ndevu zake, mchana kweupe! Alikuwa na fremu ya mraba aliyoiunga kwa vipande vya paipu ya maji. Aliitupa chini, akainama juu yake, akahesabu kila kilichoota ndani, akaandika kwenye daftari. Kisha akaenda hatua kumi na kuitupa tena. Nikajiambia, Saleha, hapa pana namna.

Mie kazi yangu ni kutunga vikuba, vile vishada vya maua vya kuvaliwa kifuani. Mamangu alitunga, na mamake kabla yake. Bibi harusi wa Malindi atavaa dhahabu ya ukoo mzima, lakini asipokuwa na kikuba kinachonukia kifuani, wanawake watasema huyo hakuolewa, amehamishwa nyumba tu. Asumini ninazo uani, rehani naiotesha kwenye madebe, langilangi nanunua. Lakini roho ya kikuba ni ua la mkadi, na mkadi unaonukia ni ule dume. Upande wetu wote huu ulikuwa umebaki mmoja tu, pale mkondo wa maji baridi unapokaribia daraja. Mamangu ndiye aliyeupanda, kabla bustani haijaitwa bustani. Siku hizo ulikuwa msitu mdogo wa kando ya maji, kila mtu na njia yake. Kisha ikaja serikali ikatia ua na lango, mkadi ukabaki ndani na sisi tukabaki nje. Hata hivyo kila alfajiri mlinzi alinifungulia, nikachuma langu nikaondoka. Na safari hii nilikuwa na haja nao kuliko siku zote, maana Sumeiya, bintiye dadangu, alikuwa aolewe baada ya mwezi mmoja, na kikuba chake nilikuwa nimekiahidi mbele za watu.

Kwa hiyo nilipomwona yule mtu akisogea na fremu yake kuelekea mkadi wangu, nilimwendea.

"Shikamoo, mama," akaniamkia, bado amepiga magoti.

"Marahaba. Wahesabu nini?"

"Mimea."

"Ukishaihesabu?"

"Naandika."

"Ukishaandika?"

"Napeleka afisini."

"Na afisini wakishapata, wafanya nini?"

Akafikiri kidogo. "Hilo lote bado sijaambiwa, mama."

Haya! Mtu ametumwa kuhesabu mali ya watu na hajui hesabu yenda wapi! Nikamkazia macho. Yeye akafungua ukurasa mpya, kalamu mkononi, akaniuliza kwa upole wake ule ule: "Mama, nikuandike jina? Nataka kujua nani huchuma nini hapa, ili kisije kikaharibiwa kinachotumiwa na watu."

"Jina langu halihesabiwi," nikamwambia, nikajifunga leso vizuri nikaenda zangu.

Msinione mkorofi. Babangu, Azim, Mungu amrehemu, alikuwa na kiunga cha minazi kaskazini mwa mji. Walimjia vijana wawili wapole, na kamba yao na vigingi vyao. Wakamwomba jina, akawapa. Akawapa na la babake na la babu yake, akawaangulia na madafu. Mwaka wa pili kiunga kilikuwa na ukuta, na karatasi ina jina la mtu ambaye hadi leo hatujamtia machoni. Babangu alikuwa akipita nje ya ule ukuta kila Ijumaa, anausukuma kwa mkono, halafu anarudi nyumbani. Basi mimi nikiona kamba na daftari, damu yanichemka. Na huyu Nzai alikuwa na vyote viwili, maana kesho yake nilimkuta ametandaza kamba kutoka ukingo wa maji mpaka juu kwenye viti vya bustani, na vigingi kila baada ya hatua kadhaa.

Nikaanza kumchunguza. Langoni mwa bustani hukaa Idah, muuza mahamri na mbaazi, na Idah hana siri. Ukitaka habari ya mtu, nunua mahamri mawili ukae.

"Yule wa kuhesabu majani ni nani?"

"Nzai? Wa Magarini. Mtu wa Mungu yule."

"Nani kakwambia?"

"Ala, Bi Saleha! Nanywa naye chai mwezi wa pili huu." Akanihadithia yote, mkono mmoja kwenye sufuria. Kwamba Nzai alizaliwa mtoto wa sita kati ya tisa. Kwamba ujanani alikuwa mkata mikoko, anachoma makaa na kuyatia mjini kwa baiskeli, usiku usiku, kwa kuogopa askari. Kwamba siku moja bahari ilipanda mpaka mlangoni kwa mamake, mahali isipofika tangu dunia kuumbwa, na Nzai akatazama akaona pale ilipopitia ndipo alipokata. Toka siku hiyo akaacha makaa. Akajiunga na kina mama waliokuwa wakipanda miche ya mikoko kwenye matope, mwanamume peke yake, watu wakamcheka wakachoka. Walipokuja watafiti wakitaka mtu wa kuwaonyesha miti, ikawa yeye. Wakamfundisha kuhesabu, na afisi ya bustani ikamchukua kwa kibarua cha mwaka.

"Mchoma makaa," nikasema, "ndiye apewe miti?"

"Aliacha, Bi Saleha."

"Wote huacha wakiulizwa."

Idah akanicheka. Lakini mie nilikuwa nimeona na mengine. Nzai alikula hamri moja, la pili akalitia mfukoni. Alikuwa akiokota mbegu, anazitia kwenye viberiti vitupu na kuandika juu yake. Viberiti ishirini, thelathini, kwenye mkoba wake! Mganga yule, au mwizi wa mbegu, au mpimaji wa ardhi wa tajiri fulani anayetaka kujenga hoteli pale majini. Moja katika matatu, sikuwa na la nne.

Siku moja alinikuta nachuma, akasimama mbali kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akasema, kama mtu anayetaka kunipa habari njema, "Mama, watafiti wana orodha ya zamani. Kando ya mkondo huu kulikuwa na aina thelathini na nne za miti na vichaka. Nimehesabu mara tatu. Zimebaki kumi na moja."

"Zimekwenda wapi?"

"Nyingi zimemezwa na mwarobaini. Umejiotea kila mahali, hautoi nafasi. Wamekubali tuupunguze, tupande mitomondo na mikindu na mikuyu, ile ya asili ya maji. Mizizi ishike ukingo, ndege warudi."

Nikahisi kama kanitukana. Mwarobaini! Dawa ya homa, dawa ya upele, dawa ya tumbo! "Mwarobaini hautoi nafasi? Mwarobaini unatibu, bwana!"

"Unatibu watu, mama," akasema taratibu. "Miti mingine unaikaba."

Nilimpa vidonge vyake pale pale, nikamwambia hakuna mti uliomkaba mtu hapa ila watu ndio wanaokaba. Alitazama chini, akaokota kitu, akakitia kwenye kiberiti.

Wiki iliyofuata zikaja tepe. Za buluu, za plastiki, zimefungwa kwenye miti. Mkindu huu tepe moja, mkuyu ule tepe moja. Nikaenda mbio kwenye mkadi wangu. Tepe tatu! Moja kwenye shina, mbili kwenye matawi. Roho ikanitoka.

Hapa kwetu kitu kikitiwa alama, ujue kinaondoka. Walipopanua barabara, nyumba za watu zilipigwa alama nyekundu ukutani, na baada ya hapo likaja tingatinga. Minazi ya babangu ilipigwa chokaa kwanza. Sijaona maishani mwangu kitu kilichotiwa alama na watu wa afisi kikazidi kunawiri. Sasa tepe moja kwa mti mwingine, kwangu mimi tatu. Mtu hafungi tatu ila ana hamu nao.

Sikumuuliza. Ningemuuliza nini, anidanganye? Nilitoa kijisu changu cha kuchumia maua nikazikata zote tatu, nikazitia kikapuni chini ya asumini, nikatoka nikimwitikia mlinzi salamu kama kawaida.

Na sikuishia hapo. Siku ya Jumatatu nilivaa buibui safi nikaenda afisi ya bustani. Nikamwambia karani kuwa yule mtu wao anawapimia matajiri ardhi ya umma. Kwamba anauza mbegu kwa viberiti. Kwamba alikuwa mchoma makaa na hajaacha. Hili la mwisho nililijua si kweli, lakini ulimi ukishakuwa mbioni haushikiki. Karani akaandika yote.

"Jina lako, mama?"

"Andika mwananchi."

Jioni Idah akanambia kuwa msimamizi wa bustani, Gerishom, mtu wa bara mwenye miwani, amemwita Nzai afisini kesho yake saa mbili asubuhi ajieleze. Alinambia kwa huzuni, nami nikajifanya kusikitika. Wallahi nililala usingizi wa mtoto.

Jumanne asubuhi nilikuwa uani natunga asumini kwenye uzi, nikasikia msumeno wa mota upande wa mkondo. Nikajua ni ile miarobaini yao. Nikaendelea kutunga. Msumeno ukanyamaza, ukaanza tena, ukanyamaza. Mara Idah akaingia bila hodi, mikono ina unga.

"Bi Saleha, mkadi!"

Sikumbuki nilipitaje barabarani. Nakumbuka mlango wa bustani ulikuwa wazi na nilikuwa na kiatu kimoja. Mkadi ulikuwa umelala ubavu, mizizi yake ile ya juu juu imekatika yote, na ua moja lililokuwa halijafunguka limekandamizwa matopeni. Harufu yake ilikuwa imejaa pale mpaka daraja. Nilipiga ukemi. Nikamshika kijana wa msumeno kwa shati.

"Nani kakwambia ukate? Nani?"

Kijana akanitazama kwa hofu. "Mama, tumeambiwa chenye tepe kiachwe, kisicho na tepe kikatwe. Huu hauna tepe."

Nikarudia maneno yake kwa kinywa changu, kwa sababu hayakuniingia. Chenye tepe kiachwe. Nikatazama ukingo wote. Mkindu umesimama na tepe yake. Mkuyu umesimama na tepe yake. Nikaketi pale pale matopeni.

Nzai akaja mbio kutoka afisini, shati nje. Akautazama mkadi. Akatazama shina mahali tepe ilipokuwa. Kisha akanitazama mimi, na kikapu changu ambacho sijui kwa nini nilikuwa nimekuja nacho. Nyuma yake akafika Gerishom, anahema, karatasi mkononi.

"Nzai, huu si ndio ule uliandika wa kuhifadhiwa? Nambari moja kwenye orodha yako? Tepe iko wapi?"

Nikasubiri anitaje. Nilikuwa tayari, wallahi, na majibu yangu tayari.

"Nilisahau kuifunga," Nzai akasema.

"Umesahau?"

"Nilisahau, bwana."

"Jana nimeletewa malalamiko juu yako, asubuhi hii umeniapia kuwa ni uongo, na sasa hili." Gerishom akavua miwani. "Kesho usije. Nitakuita."

Na mimi? Mimi nikanyamaza. Nasema hili kwa kinywa changu, nisije nikasemewa. Nilikaa matopeni nikanyamaza, na unajua nilikuwa nafikiri nini? Nilikuwa nafikiri, huyu mtu anataka nini kwangu? Mbona ananifichia? Atanidai nini baadaye? Mti wa mamangu uko chini, na moyo wangu bado unapekua nia ya mtu.

Wakaondoka wote. Nzai akabaki. Alichukua panga akaanza kukata chipukizi zilizoota ubavuni mwa mkadi, moja moja, kwa uangalifu, akipunguza majani. Akapata tano. Akazichimbia kwenye tope la ukingo, akazisimamishia vijiti, akazifunga kwa utepe wa ukindu. Jua lilikuwa kali na hakuwa amekula. Alipomaliza akanawa mkondoni, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, hizi ni za dume lile lile. Mbegu ningekudanganya, hujui itatoka dume au jike. Lakini chipukizi ni mti wenyewe. Zitanukia."

"Lini?"

"Miaka. Zataka maji kila asubuhi mpaka zishike, mvua bado." Akatoa daftari mkobani. "Mimi nimekatazwa kuja. Wewe wapita hapa kila siku. Nipelekee hili afisini, lina hesabu yote. Likipotea, kazi yote hii itaanza upya."

Akasema hivyo, akanipa, akaenda zake. Hakuniuliza kitu. Hata jina hakuniuliza.

Nililifungua kabla sijavua buibui. Si nilitaka kuona ameniandika nini? Toka siku ile ya kwanza nilikuwa nataka kuona. Kurasa za kwanza ni majina ya mimea na hesabu zake, na mbegu za viberitini zilizopandwa kwenye kitalu cha bustani, mwandiko mdogo ulionyooka. Nikatafuta mkadi, nikaupata.

*Mkadi dume. Mmoja tu. Umepandwa na mtu, si wa kujiotea. Mwenye mkadi huja alfajiri.*

Nikafunua. *Mwenye mkadi amechuma ua moja, ameacha mawili. Anajua kuchuma.*

*Mwenye mkadi amekataa jina. Ameudhika. Nisimuulize tena.*

*Nimefunga tepe tatu mkadini. Moja haitoshi, wakataji wana haraka.*

Hapo nikatafuta mahali pa kukaa.

*Tepe za mkadi zimeondolewa. Nadhani mwenyewe hapendi alama. Nisizirudishe, atazidi kuudhika. Jumanne nitasimama hapo mwenyewe mpaka wakataji wamalize.*

Na chini yake, mstari wa mwisho wa daftari: *Jumanne nimeitwa afisini saa mbili. Kuna mwananchi amelalamika.*

Nililia mpaka dadangu akaja akadhani pana msiba. Nikamwambia Sumeiya ataolewa na kikuba bila ua la mkadi, wa kwanza katika ukoo wetu. Akanambia si neno, watu wataelewa. Sikumwambia lingine.

Jumatano alfajiri nilichota maji mkondoni nikazinywesha chipukizi tano. Kisha nikakaa kwenye benchi mpaka afisi ilipofunguliwa. Gerishom alinikaribisha kiti. Nikaweka daftari mezani, na juu ya daftari nikaweka tepe tatu za buluu, bado zinanukia asumini.

"Hizi nilizikata mimi," nikamwambia. "Alizifunga, nikazikata. Na yule mwananchi wa Jumatatu ni mimi. Nzai hapimi ardhi. Makaa aliacha miaka mingi. Viberiti vile ni vya mbegu za kupanda hapa hapa, nenda katazame kitaluni."

Gerishom alikaa akizitazama zile tepe. "Kwa nini hakusema?"

"Muulize yeye. Mie mwenyewe sijui, na lanikera."

Akatoa karatasi, akaandika kwa muda mrefu. Nikamwomba anisomee. Akanisomea. Nikamwambia hebu nipe nisome mwenyewe, nikaisoma toka juu mpaka chini, kisha nikaisoma tena, maana hata siku ile nilikuwa simwamini mtu mwenye kalamu. Hakukuwa na neno lililozidi. Chini kulikuwa na mstari mtupu.

"Hii ndiyo itamrudisha kazini," akasema. "Lakini lazima iwe na jina. Ya mwananchi siwezi kuipeleka kwa wakubwa."

Akashika kalamu akaningoja. Nikaona kile kiunga cha minazi, na babangu anawaangulia wale vijana madafu.

"Jina, mama?"

"Saleha," nikasema. "Saleha binti Azim."

Akaandika. Nikamwambia asiweke kalamu chini bado, nikampa na la babu yangu, Gharib, na mtaa, na nyumba.